Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Kiswahili kwa Mwanafunzi Anayepangiwa Shule ya Kijijini Marekani

Februari, wiki ya kwanza

Tumeanza rasmi. Sisi ni kikundi kidogo cha watu tuliowahi kusoma sekondari Marekani kwa mwaka mmoja, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi amewaandaa vijana kwa usaili wa programu za kubadilishana wanafunzi. Kazi tuliyojipa ni kuandika mwongozo wa Kiswahili kwa kijana atakayepangiwa shule ya kijijini, na kwa wazazi wake.

Sababu ni hii. Semina nyingi za maandalizi huizungumzia Marekani kana kwamba ni mji mmoja mkubwa: treni za chini ya ardhi, maghorofa, vyuo maarufu. Halafu barua ya upangaji inafika, na humo limo jina la kijiji cha Nebraska, Kansas, Iowa au Dakota Kusini chenye watu mia kadhaa. Mzazi anafungua ramani kwenye simu, anaikuza, anaikuza tena, anaona barabara mbili zinakutana na mashamba pande zote. Kijana anajiuliza alijibu nini kibaya kwenye usaili hata akapelekwa huko. Hakujibu kibaya chochote. Anayekwenda kwa viza ya J-1, yaani ya mwanafunzi wa kubadilishana, hachagui mahali. Anakwenda palipo na familia iliyokubali kumpokea na shule iliyokubali kwa maandishi kumsajili, na pengi pa namna hiyo ni miji midogo na vijiji.

Hoja yetu, ambayo kila sura itaibeba, ni kwamba shule ndogo ya kijijini inamhitaji mgeni kuliko shule kubwa ya mjini inavyomhitaji. Ukarimu upo, lakini nazungumzia hesabu: wanafunzi hawatoshi kujaza nafasi zilizopo. Kijana akilijua hilo kabla ya kupanda ndege, mwaka wake unakuwa mwingine.

Februari, mwishoni

Sura ya masharti imekamilika, nayo nimeifanya fupi kwa makusudi. Masharti yameandikwa kwingi. Kinachokosekana ni maelezo ambayo mama na baba watayasoma wenyewe bila kumwita mtoto awafafanulie.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni J-1, ya mwanafunzi wa kubadilishana. Anatakiwa awe hajamaliza zaidi ya miaka 11 ya shule ya msingi na sekondari, au awe na umri usiopungua miaka 15 na usiozidi 18 na nusu siku programu inapoanza. Anasoma muhula mmoja hadi miwili, chini ya shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Aliyekwisha kusoma sekondari kule kwa J-1 au F-1 harudi tena kwa njia hii. Programu ya YES, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kupewa majina ya maseneta Kennedy na Lugar, inapita humu. Inalipiwa na serikali ya Marekani, na Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi zake.

Ya pili ni F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi, kwa hati ya I-20 inayotolewa na shule iliyomkubali. Hapa kuna sheria ya mwaka 1996 ambayo wazazi wengi hawaijui: kwenye sekondari ya umma mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kukaa zaidi ya miezi 12 kwa jumla, na lazima alipe gharama kamili ya masomo bila ruzuku. Shule binafsi haina kikomo hicho. Kwa hiyo mtu akikuahidi miaka minne katika sekondari ya umma kwa F-1, mwombe akuonyeshe inawezekanaje kisheria kabla hujatoa hata senti moja.

Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 220 kwa J-1 na dola 350 kwa F-1, mbali na ada ya viza. Wanaofadhiliwa na serikali ya Marekani hawalipi ada hiyo ya SEVIS. Hao hao wana sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili, na tumelieleza kwa uangalifu kwa sababu linawatisha watu bure. Linamzuia mtu kupata makazi ya kudumu na baadhi ya viza za kazi kabla miaka hiyo haijatimia. Kurudi kusoma chuo kikuu kwa viza ya mwanafunzi halimzuii.

Machi

Barua inayoeleza familia mwenyeji ndiyo inayosomwa na kurudiwa kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa hiyo tumeipa sura yake. Tulikusanya maswali ya wazazi kwa simu, na la kwanza lilikuwa lilelile karibu kwa kila mtu. Baba mmoja aliniuliza, "Binti yangu, hawa watu wanalipwa nini kumlea mtoto wangu?" Nikamwambia, "Hawalipwi, baba." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa wanamtakia nini?"

Ni swali la haki kabisa, na linastahili jibu refu kuliko tabasamu. Kwa J-1, familia mwenyeji hailipwi. Wengi wanaopokea ni watu ambao watoto wao wamekua wakaondoka, au waliowahi kumpeleka mtoto wao nje, au wanaoishi mbali na kila kitu na wanataka watoto wao wakae meza moja na mtu wa mahali pengine. Hilo ndilo jibu la moyo. La kanuni ni hili: kabla ya mtoto kuwekwa kwenye nyumba, shirika lazima liihoji familia humo humo nyumbani kwake, lipige picha za nyumba, lipate watu wa kuithibitisha, na lichunguze rekodi ya uhalifu ya kila mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anayeishi hapo. Mwanafunzi lazima awe na kitanda chake mwenyewe, na kochi la kukunjua halihesabiwi. Mratibu wa eneo, yaani mwakilishi wa shirika, lazima aishi ndani ya maili 120 kutoka nyumba hiyo, takriban kilomita 190. Lazima awasiliane na mwanafunzi kila mwezi, na mara ya kwanza lazima amwone ana kwa ana. Mwanafunzi anapewa kadi yenye namba inayopokelewa saa 24.

Mwalimu wetu alitaka sentensi moja iwekwe kwa herufi nzito, na imewekwa: adabu haimtaki mtoto akae kimya juu ya jambo linalomuumiza. Vijana wetu wamelelewa kutomsema mkubwa, hasa mkubwa anayewapa chakula na malazi. Tumeandika wazi kwamba kumwambia mratibu si kumsema mtu, kwamba kuhamishwa familia hutokea na si aibu, na kwamba namba ya kwenye kadi ipo ipigwe.

Aprili

Nimekaa na sura ya usafiri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ndiyo inayogawa mwaka mzuri na mwaka wa upweke. Watu hudhani tatizo la kijijini ni baridi au lugha. Tatizo ni kwamba huwezi kwenda popote peke yako.

Basi nimeanza na ardhi yenyewe. Sheria ya upimaji ya mwaka 1785 ilianza kuigawa nchi ile katika miraba ya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila mmoja, na hadi leo barabara za changarawe katika majimbo ya nyandani zinafuata mistari ile. Jirani yako anaweza kuwa kwenye kona ya mraba mwingine kabisa. Daladala hakuna, bodaboda hakuna, njia ya waenda kwa miguu hakuna. Programu nyingi zinamkataza mwanafunzi kuendesha gari, ingawa wenzake darasani wanaendesha; majimbo ya kilimo kama Kansas na Nebraska yana vibali maalumu vya kuendesha tangu umri wa miaka 14. Utamwona mtoto mdogo kuliko wewe akishuka kwenye pikapu yake, na wewe unasubiri kupelekwa. Afadhali kulijua mapema.

Kinachokuokoa ni basi la njano. Rangi ile ilikubaliwa mwaka 1939 kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr, bingwa wa elimu ya vijijini aliyezaliwa Nebraska. Ilichaguliwa kwa sababu maandishi meusi juu yake yanasomeka hata kwenye mwanga hafifu wa alfajiri. Mwanafunzi wa kijijini ataufahamu mwanga huo vizuri, kwa kuwa njia ya basi ni ndefu na wanaokaa mbali huchukuliwa kwanza. Taa nyekundu za basi zikiwaka, magari yanasimama, na unavuka.

Lakini basi linakupeleka shule na kukurudisha tu. Mazoezi ya jioni, mchezo wa Ijumaa, kikao cha klabu, nyumba ya rafiki: hayo yote ni lifti. Mmoja wetu aliyesoma Kansas alirekodi ujumbe wa sauti kwa wanaokwenda, na tumeuandika neno kwa neno:

"Wadogo zangu, msisubiri kuulizwa. Mama mwenyeji hajui kwamba unatamani kwenda. Akikuuliza ukasema 'sawa tu, popote', kwake hilo ni jibu la kukataa. Omba jana yake, taja saa ya kwenda na saa ya kurudi, na mwulize mwenzako wa darasani kama anapita upande wenu. Kule mtu akiweza atasema naweza, asipoweza atasema siwezi, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mimi nilikaa ndani miezi ya kwanza nikidhani nawapunguzia mzigo, kumbe wao walidhani napenda kukaa ndani."

Hakuna tulichoongeza.

Mei

Hii ndiyo sura iliyotufanya tuanze mradi, na leo imesomwa na kikundi kizima.

Mwaka 1934 mwalimu kijana wa Nebraska, Stephen Epler, alibuni futiboli ya Kimarekani ya wachezaji sita badala ya 11. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na shule ndogo hazikuwa na wavulana wa kutosha wala fedha za kuunda timu kamili. Mechi ya kwanza ilichezwa katika mji wa Hebron. Uwanja ulipunguzwa hadi yadi 80 kwa 40. Mchezo huo bado unachezwa, na majimbo mengine yana wa wachezaji wanane. Nimeuweka mwanzoni mwa sura kwa sababu unaeleza fikra za shule hizi: watu wakiwa wachache, shughuli haifutwi. Inapimwa upya ili waliopo watoshe, na kila aliyepo anahesabiwa.

Miaka 30 baadaye wanasaikolojia Roger Barker na Paul Gump walitoa utafiti wao wa sekondari za Kansas, kubwa na ndogo, mwaka 1964. Shule kubwa zilikuwa na shughuli za aina nyingi zaidi, kama mtu angetarajia. Lakini ukimtazama mwanafunzi mmoja mmoja, ni wa shule ndogo aliyeshika majukumu mengi zaidi, yaani ndiye aliyekuwa jukwaani, uwanjani, kwenye kamati, wakati wenzake wa shule kubwa wengi wao walikuwa watazamaji. Hata mwanafunzi asiye hodari katika shule ndogo alihisi kwamba watu wanamtegemea.

Mgeni anayefika Agosti akijiona si hodari wa chochote anahitaji kuisikia habari hii. Kwenye shule ya wanafunzi elfu mbili, kwaya ina mchujo na timu ina mchujo. Kwenye shule ya wanafunzi 80 ambayo inataka timu ya voliboli, kwaya, bendi, tamthilia ya mashindano, klabu ya kilimo na kitabu cha picha cha mwaka, mwalimu anapita kwenye korido akiuliza nani bado hajajiunga. Wewe ndiye hujajiunga. Ukisema sijawahi, atakuambia mazoezi yanaanza saa tisa na nusu.

Dada mmoja wa kikundi chetu alisoma Nebraska, ambako shule hushindana kwa tamthilia fupi za sehemu moja. Hakutaka kuigiza, kwa kuwa alihofia lafudhi yake. Mwalimu akampa taa. Chumba cha taa kilikuwa juu nyuma ya ukumbi, kidogo, kina joto, kina meza ya swichi kuukuu ambazo namba zake zilikuwa zimefutika. Akabandika vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi chini ya kila swichi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: MLANGO. DIRISHA. USO WA DAKTARI. GIZA LOTE. Usiku wa mashindano yeye peke yake ndiye aliyejua swichi ipi ni ipi, na mwalimu, waigizaji na wazazi wao wote walikuwa mikononi mwake. Anasema tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena kama anaizoea shule. Walianza kumuuliza kesho anakuja saa ngapi.

Sehemu ya klabu ya kilimo nimeipanua kwa ombi la mwalimu. FFA, chama cha kitaifa cha wanafunzi wa kilimo, ilianzishwa Kansas City mwaka 1928, na vijijini koti lake la buluu lina heshima kubwa. Wasichana waliruhusiwa kitaifa mwaka 1969. Anayesoma somo la kilimo anaanzisha mradi wake mwenyewe, uwe wa kufuga, kupanda, au kufanya kazi kwenye shamba la mtu, na anatunza kumbukumbu zake: alichotumia, alichopata, saa alizofanya kazi. Vijana wetu wengi hulikwepa somo hili wakidhani ni la watu walioshindwa masomo mengine. Nasema bila kusita kwamba ndilo ningewashauri wachague kwanza. Humo mna mashindano ya kuhukumu ng'ombe, kupima udongo, kuhutubia, kuendesha kikao kwa kanuni. Na ukijua kinachosumbua mahindi ya mwaka huu, una la kuzungumza na kila mtu mzima kijijini.

Juni, mwanzoni

Mambo mafupi, yaliyoandikwa kwa mtindo wa maswali na majibu.

Michezo: kila jimbo lina chama chake kinachoamua mgeni anacheza ngazi gani, na F-1 mara nyingi anabanwa zaidi ya J-1. Muulize mratibu kabla ya msimu, na ufanyiwe uchunguzi wa daktari mapema. Chanjo: shule haitakusajili bila rekodi, kwa hiyo beba kadi halisi na nakala. Cheti cha kuhitimu: ni uamuzi wa shule, na shule nyingi hazikitoi kwa mwanafunzi wa kubadilishana, kwa hiyo usiende kwa ajili yake. Omba nakala rasmi ya matokeo kabla hujaondoka, kwa sababu karani wa shule naye ana likizo. Kazi: J-1 haruhusiwi ajira, isipokuwa vibarua vya hapa na pale kama kumwangalia mtoto au kukata majani ya uani. Wiki ya siku nne: zipo wilaya nyingi za vijijini, Colorado na Montana kwa mfano, ambako shule hufungwa siku moja ya kazi na siku nyingine zinarefushwa. Hakikisha unajua utakuwa wapi siku hiyo.

Juni, mwishoni

Tumegombana kidogo leo, kwa heshima, juu ya sura ya kuwa peke yako. Wengine walitaka iwe nusu ukurasa ili tusiwatishe vijana. Mimi nilitaka iwe ndefu, na imekuwa ndefu.

Kijana wetu anaweza kuwa mwanafunzi mweusi pekee shuleni, au Mwislamu pekee katika wilaya nzima, au vyote viwili. Ataulizwa maswali. Mengi yatatoka kwa watu ambao kweli hawajui na wanataka kujua, nayo yanajibika kwa subira. Machache yatatoka kwa mtu anayetaka kumdhalilisha, na kijana ana haki ya kutofautisha. Tumeandika hatua: kwanza mwalimu unayemwamini au mshauri wa shule, siku hiyo hiyo, kwa maandishi ikiwezekana. Kisha mratibu. Tusimfundishe mtoto kucheka pale panapouma.

Nywele. Hili limeandikwa na mabinti wa kikundi, na ndilo lililopokewa kwa shangwe zaidi. Msusi anayeelewa nywele zetu anaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Jifunze kujisuka mwenyewe kabla ya kuondoka, angalau mistari rahisi. Beba mafuta, chanuo na nyuzi za kutosha. Hewa ya baridi ya nyandani ni kavu mno, na nywele na ngozi zote zitakudai.

Ibada. Msikiti unaweza usiwepo karibu kabisa. Shule ya umma haimlazimishi mtu kusali wala haimzuii anayesali mwenyewe kwa utulivu bila kuvuruga masomo, kwa kuwa katiba yao inalinda hilo. Omba chumba kitupu wakati wa mapumziko, na zungumza na mkuu wa shule mapema, si siku ya kwanza ya Ramadhani. Kocha naye aambiwe kabla ya mfungo, apange mazoezi yako. Familia ikikualika kanisani, unaweza kwenda kama mgeni, unaweza kukataa kwa shukrani. Usilazimishwe. Wengi wetu tuliokwenda mara moja moja tulikutana huko na kijiji kizima, kwa sababu katika sehemu hizo kanisa ndiko watu hupeana habari, na hilo tumelisema kama lilivyo, bila kumsukuma mtu upande wowote. Mwalimu, ambaye ni mtu wa swala tano, aliisoma aya hii mara mbili akaipitisha.

Julai

Sura ya wazazi. Nimeiandika nikimfikiria yule baba wa Machi.

Katika majimbo ya saa za kati, tofauti na Afrika Mashariki ni saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha saa nyuma, hadi Jumapili ya pili ya Machi. Mtoto anapotoka shule jioni, nyumbani ni usiku wa manane. Kwa hiyo simu ya kila siku inamtoa mmoja kitandani au mwingine darasani. Tumependekeza siku moja ya wiki yenye saa maalumu, na ujumbe wa sauti siku nyingine. Kuna sababu nzito zaidi ya usingizi: mtoto anayezungumza na nyumbani kila jioni anakuwa chumbani kila jioni, na sebuleni ndiko familia mwenyeji ilipo.

Kwa wazazi pia tumeandika jambo lililowagusa waliosoma rasimu. Mtoto atapiga simu akilia, mara nyingi karibu na Novemba na Desemba, siku zinapokuwa fupi na sikukuu za watu wengine zinapokaribia. Usimwambie avumilie tu, wala usimwambie arudi. Muulize amekula na nani leo, na kesho ana shughuli gani baada ya masomo. Akikosa jibu la swali la pili, mwambie aende kwa mwalimu mmoja kesho yake aulize panapohitajika mtu. Kama analia kwa sababu ya kutendewa vibaya, hapo si suala la kuzoea: namba ya kwenye kadi, mara moja, na wewe mzazi unapiga vilevile.

Usalama wa majira umeingia hapa pia, maana wazazi waliuomba. Namba ya dharura ni 911. Kwenye nyanda za kati vimbunga vya tonado hutokea zaidi majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, na king'ora kikilia watu wote huteremka chini ya nyumba au kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Shule hufanya mazoezi ya hilo. Theluji nyingi hufunga shule, na tangazo hutoka alfajiri. Nafaka kwenye maghala ya chuma humzamisha mtu kwa sekunde chache, kwa hiyo usiingie ghalani hata ukiitwa kwa utani.

Agosti

Nakala za kwanza zimetolewa kwa vijana wanaoondoka mwezi huu. Tuliketi nao nusu siku na wazazi wao. Tuliwaomba waweke alama ya penseli kila walipokwama. Alama nyingi zilikuwa kwenye sura ya masomo, ambayo sasa tumeiongezea maelezo ya alama za A hadi F, wastani wa pointi unaoishia 4.0, na ukweli kwamba kazi ndogo za kila wiki zinahesabiwa kwenye alama ya mwisho. Kijana aliyezoea kusubiri mtihani wa mwisho anaweza kushangaa Oktoba.

Swali lililonifurahisha lilitoka kwa kijana aliyepangiwa Dakota Kusini. Alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza, "Dada, sasa nikifika nimwambie nani kwamba naweza kupiga ngoma?" Mwalimu akamjibu kabla yangu: "Mwambie kiongozi wa bendi, mwanangu, siku ya kwanza, kabla hujafungua begi."

Novemba

Taarifa zimeanza kurudi. Yule wa ngoma yuko kwenye bendi ya shule inayopiga kwenye mechi. Binti mmoja wa Iowa amehamishwa familia. Alitumia kadi yake, mratibu akaja, na sasa yuko nyumba nyingine katika wilaya ileile ya shule, kwa hiyo hakupoteza marafiki wala timu. Mama yake alinipigia simu kunieleza kwamba waliisoma sura ile pamoja kabla binti hajaondoka, na ndiyo maana binti hakusubiri. Nimeiandika hapa kwa sababu kama mwongozo wote ungefanya kazi hiyo moja tu, ningeuandika tena.

Karibu wote wameombwa kuzungumza mbele ya shule katika Wiki ya Elimu ya Kimataifa, inayofanyika kila Novemba tangu mwaka 2000. Kwenye shule kubwa ungepewa meza ukumbini. Kwao ni shule nzima, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, kwa sababu wote wako jengo moja. Wametuomba msaada wa namna ya kuzungumza na watoto wa miaka mitano na wa miaka 17 kwa saa moja, na hiyo itakuwa sura mpya. Dada wa taa ameomba aiandike yeye.

Kwa toleo la pili kuna kazi nyingine tatu mezani. Sura ya kurudi nyumbani, ambayo haijaanza, na ambayo lazima iwe na mwalimu wa shule ya huku anayejua kijana aliyekosa mwaka anaingizwa kidato gani. Orodha ya vyama vya michezo vya majimbo na masharti yao, ikikaguliwa jimbo kwa jimbo. Na toleo la sauti kwa wazazi wasiosoma, ambalo mwalimu amekwisha kuanza kulirekodi, sura ya familia mwenyeji kwanza.